Kutoka Tanga hadi Jumba la Bikari ya Dhahabu

Nilipanda ndege kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 60. Kabla ya hapo safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya basi, Tanga hadi Mwanza, kufuata mashine kuukuu ya chapa iliyokuwa inauzwa. Oktoba 2022 binti yangu anayesoma Ubelgiji alinikatia tiketi na kuniandikia ujumbe mfupi: "Shikamoo baba. Njoo. Kuna nyumba huku lazima uione macho yakiwa bado yana nguvu." Sikuuliza ni nyumba gani. Mtoto huyu alikua akinisomea prufu, yaani kurasa za majaribio za kusahihishwa, mezani, kandili ikiwa katikati yetu, na hajawahi kuniita kwa jambo dogo.

Ndege nitaiacha; waliopanda wanaijua. Nililala usiku mmoja Brussels katika chumba chake cha mwanafunzi, na asubuhi tukachukua treni ya kwenda Antwerp, mwendo usiofika saa moja. Kituo cha Antwerp kilifunguliwa mwaka 1905, kina kuba kubwa la mawe na kioo, na treni zake huingia kwa ghorofa, nyingine juu, nyingine chini ya ardhi. Watu walikuwa wamesimama wakipiga picha. Mimi nilimshika binti yangu mkono tukatoka. Mvua ilikuwa ya rasharasha, baridi ya kupenya mifupa. Tulipita kanisa kuu, ambalo mnara wake una mita 123, tukaingia vichochoro, tukatokea kwenye kiwanja kidogo kiitwacho Vrijdagmarkt, yaani Soko la Ijumaa, karibu na Mto Scheldt.

"Ndiyo hii," akasema.

Kwa nje nyumba ni kubwa lakini haina mbwembwe. Juu ya mlango imechongwa bikari, ile ya kuchorea duara, iliyoipa nyumba jina lake, Bikari ya Dhahabu. Alama hiyohiyo iko kwenye vitabu vilivyotoka humo, bikari ikiwa imeshikwa na mkono unaochomoza mawinguni, pamoja na maneno ya Kilatini *Labore et Constantia*, kwa kazi na kwa uthabiti. Mguu mmoja wa bikari hutulia na mwingine huzunguka. Unaotulia ni uthabiti, unaozunguka ni kazi. Nilisimama kwenye mvua nikiuangalia mlango ule mpaka binti yangu akanikumbusha kwamba ndani kuna joto.

Kabla sijaingia niseme nilikotoka, maana kila nilichokiona humo nilikiona kwa jicho la kazi yangu. Mwaka 1980, kijana wa miaka 18 kutoka Pangani, nilipokelewa katika kiwanda kidogo cha chapa mjini Tanga. Tulichapa risiti, kadi za harusi, daftari za vyama vya ushirika, na mara mojamoja kitabu cha mashairi. Fundi wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mbondei aliyefundishwa na watu waliojifunza kazi Magila, Muheza, ambako misheni ya Kiingereza ilichapa gazeti la Kiswahili tangu miaka ya 1890. Na Magila nayo ilikuwa mdogo wa Unguja, ambako misheni hiyohiyo ilianza kutoa *Msimulizi* mwaka 1888. Kwa hiyo mkono ulionifundisha ulikuwa na nasaba yake, ingawa wakati ule sikujua kuithamini.

Miezi miwili ya kwanza alinipa ufagio. Kazi yangu ilikuwa kuokota herufi za risasi zilizoanguka sakafuni, kuzitambua moja moja, na kuzirudisha katika visanduku vyake. Mwezi wa tano nilimwaga ukurasa. Niliunyanyua kabla fremu haijakazwa sawasawa, na ukurasa mzima wa daftari la ushirika, uliopangwa kwa siku moja na nusu, ukashuka sakafuni kama mchele. Nilidhani atanifukuza. Alivuta kigoda akakaa, akaniambia, "Haya mwanangu, sasa ndiyo utazijua." Nilizipanga upya kwa siku mbili, nikila chakula changu palepale chini. Tangu hapo sijawahi kuchanganya *n* na *u*, wala *b* na *d*, hata gizani.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeingia katika nyumba ya Christophe Plantin.

Plantin alikuwa Mfaransa aliyehamia Antwerp mwishoni mwa miaka ya 1540. Alianza kama mjalidi wa vitabu na fundi wa masanduku ya ngozi yenye nakshi. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alifananishwa na mtu mwingine, akachomwa upanga, na jeraha likamfanya asiweze tena kazi ile ya mikono myepesi; ndipo akageukia chapa. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1555. Miaka 20 baadaye alikuwa na mashine 16 na wafanyakazi zaidi ya 50, na ni matbaa chache mno Ulaya zilizoweza kusimama naye. Mwaka 1576 alihamia hapa Soko la Ijumaa, na mwezi Novemba wa mwaka huohuo askari wa Hispania wasiolipwa mishahara waliuvamia mji, wakaua na kuteka. Plantin alilazimika kutoa fidia mara kadhaa ili mali yake isichomwe. Alifariki mwaka 1589. Mkwewe Jan Moretus akaendeleza, kisha wana na wajukuu, katika nyumba ileile, hadi mwaka 1876 ukoo ulipoiuzia serikali ya mji nyumba pamoja na kila kilichokuwemo. Mwaka 1877 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2005 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwa karibu miaka 300 hawakutupa kitu. Herufi, kalibu, vitabu vya hesabu, barua, majina ya vibarua na ujira wao, vyote vipo. Kadiri nilivyozidi kutembea vyumba vile ndivyo jambo hili lilivyozidi kuniuma, na sababu yake nitaifikia.

Chumba cha mashine kiko chini. Ni kirefu, kina madirisha makubwa upande mmoja, na sakafu yake imeliwa na visigino vya watu. Mashine zimesimama kwa mstari, za mbao nzito ya mwaloni, na kule mwisho ziko mbili za tangu mwaka 1600 hivi, kongwe kuliko mashine zote za chapa zilizosalia duniani. Upande wa pili ziko trei za herufi, zimeinamishwa kama dawati la shule. Nilizisogelea. Hakuna aliyeniambia nini ni nini. Nilijua pa kusimama, mkono wa kushoto uwe wapi, mkono wa kulia uende wapi. Binti yangu aliniona nikichezesha vidole hewani, akanyamaza.

Nieleze kidogo kwa ambaye hakuwahi kuishika herufi ya risasi. Ni kijipande cha madini ambacho kimo chake hakifiki sentimita mbili na nusu. Juu kabisa kuna sura ya herufi, imegeuzwa kama uso katika kioo. Ubavuni kuna kijifereji, nacho ndicho rafiki wa mpanga herufi, kwa kuwa kidole gumba kikikigusa unajua herufi imekaa sawa bila kuiangalia. Unashika kitrei kidogo cha chuma kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia unaokota herufi moja baada ya moja, mstari ukijengeka kichwa chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Kati ya maneno unatia vipande vifupi visivyo na sura, visivyofikiwa na wino. Mistari ikitimia unaihamishia mezani, unaizungushia fremu, unaikaza kwa kabari.

Kisha yanakuja ya mashine. Watu wawili husimama pamoja. Mmoja ana vifundo viwili vya ngozi vilivyojazwa manyoya. Huvipaka wino wa masizi na mafuta ya kitani, akazigonga herufi mpaka zote zing'ae sawasawa. Mwenziwe analaza karatasi iliyoloweshwa tangu jana yake, maana karatasi kavu haipokei wino vizuri, anaisukuma chini ya kibao, anavuta mkono wa mashine, na skrubu kubwa inakandamiza. Karatasi inatoka, inaanikwa kwenye kamba kama nguo. Katika nyumba hii watu wawili walitarajiwa kutoa karatasi 1,250 kwa siku, pande zote mbili. Nimewahi kuvuta mashine ya mkono kutwa nzima na usiku nikashindwa kuinua kikombe cha chai, wala sikufika hata nusu ya hesabu hiyo.

Na kazi ikiisha, haijaisha. Herufi zinaoshwa, ukurasa unavunjwa, kila herufi inarudishwa kisandukuni mwake. Fundi wangu hakumwamini mpanga herufi aliyependa kupanga na kuchukia kurudisha.

Hapo mbele ya trei ndipo niliposhikwa na wazo ambalo halijaniachia mpaka leo, nalo ni habari ya herufi *a*.

Trei zetu za Tanga zilitoka Uingereza, na zilijazwa kwa hesabu ya Kiingereza. Kisanduku kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha *e*. Visanduku vya *k* na *w* vilikuwa vidogo, vimesukumwa pembeni. Lakini Kiswahili kinakula *a*. Chukua neno moja tu, "watakapowatazama": lina herufi 16, na 7 kati yake ni *a*. Halina *e* hata moja. Kwa hiyo kila tulipoanza kitabu, kufika ukurasa wa tano au wa sita *a* zilikuwa zimekwisha, huku *e* zimelala chungu nzima. Tuliweka herufi nyingine kichwa chini mahali pa *a*, ili kwenye prufu litokee doa jeusi na tukumbuke kujaza. Halafu tulichapa kurasa za mwanzo, tukazivunja, tukazirudisha *a* nyumbani, ndipo tukaendelea. Kitabu ambacho kingepangwa kwa mwezi kilichukua miezi mitatu. Mteja alidhani sisi ni wavivu.

Sasa njoo ghorofani katika nyumba ya Plantin. Huko kuna chumba cha kusubu herufi, chenye tanuri na kalibu za mkono. Njia yenyewe ni ileile ambayo Johannes Gutenberg aliifikisha kwenye ukamilifu kule Mainz, Ujerumani, miaka ya 1450, alipochapa Biblia yake ya nakala zipatazo 180. Shuleni tulifundishwa kana kwamba chapa ilianza naye, na hilo si kweli. Wachina walichapa kwa vibao vya kuchongwa karne nyingi kabla yake, Bi Sheng alitengeneza herufi za udongo wa kuchoma miaka ya 1040, na Wakorea walichapa kitabu kwa herufi za madini mwaka 1377. Sifa halisi ya Gutenberg ni namna ya kutengeneza herufi nyingi, zilizolingana, kwa haraka. Unachonga herufi kwenye ncha ya kipande cha chuma cha pua. Unakipiga kwa nyundo juu ya kibao kidogo cha shaba nyekundu, kikaacha alama. Hiyo shaba unaifunga chini ya kalibu, unamimina risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, inaganda papo hapo, unafungua, herufi imezaliwa. Ukitaka mia, unamimina mara mia.

Plantin alikuwa na maelfu ya vipande hivyo vya chuma na shaba, vingine kazi ya mikono ya Claude Garamond na Robert Granjon, mafundi wakubwa wa Ufaransa. Vimepangwa ndani ya makabati. Binti yangu aliinama akasoma kibandiko, akaniuliza, "Baba, Garamond si ile unayotumia kwenye kadi za harusi?" Ndiyo hiyo. Jina ninalolichagua kila wiki kwenye kompyuta yangu Tanga ni jina la mtu aliyekaa na patasi akikwangua chuma, karibu miaka 500 iliyopita.

Lakini kilichonishika si Garamond. Ni kwamba mtu wa nyumba hii alipopungukiwa na *a*, alipanda ngazi. Aliwasha tanuri, akatoa kalibu, jioni akashuka na *a* mpya zingali na joto. Sisi tulipopungukiwa tuliandika barua Uingereza, kisha tukangoja meli na fedha za kigeni. Mwenye kalibu hupanga lugha yake atakavyo. Asiye nayo hupanga lugha yake kwa hesabu ya watu wengine. Nilikuwa na miaka 42 kazini na sikuwahi kuliona jambo hili waziwazi mpaka niliposimama mbele ya tanuri lililozimika.

Nilipotoka hapo nilitaka kukaa. Tulikaa katika chumba cha wasahihishaji, na kama ningeambiwa nichague chumba kimoja cha nyumba ile nibaki nacho, ningechagua hicho. Ni kidogo, kina meza nzito ya mwaloni chini ya dirisha. Hapa prufu zilisomwa. Mmoja wa wasahihishaji hao, Cornelis Kiliaan, aliitumikia nyumba hii karibu miaka 50, na katika kusoma makosa ya wengine alikusanya maneno mpaka akatunga kamusi kubwa ya Kiholanzi ya zama zake.

Na kuna habari ya mabinti. Plantin alikuwa na mabinti watano waliokua, na katika barua ya mwaka 1570 alieleza jinsi alivyowalea. Wanne wa kwanza aliwafundisha kusoma mapema, na tangu wakiwa na umri wa miaka minne au mitano hadi 12 walisaidia kusoma prufu katika lugha yoyote iliyoletwa. Wakati huo alikuwa anachapa kazi yake kubwa kuliko zote, Biblia ya juzuu nane katika Kiebrania, Kiaramu, Kisiria, Kigiriki na Kilatini, iliyotoka kati ya 1568 na 1573 kwa nakala takribani 1,200, chini ya usimamizi wa Benito Arias Montano, msomi aliyetumwa na Mfalme Philip wa Pili wa Hispania. Magdalena, binti wa nne, akiwa na miaka 13 alikuwa akibeba prufu kumpelekea Montano, na kumsomea kwa sauti maandishi ya asili huku msomi akifuatisha kwenye karatasi iliyochapwa. Msichana yule alisoma lugha hizo bila kuzielewa.

Mtu wa Ulaya akisikia habari hii hushangaa. Mimi sikushangaa hata kidogo. Nilisoma chuoni Pangani kwa maalimu, na kabla sijatimiza miaka kumi nilikuwa nimehitimu Kurani nzima, kila herufi na irabu yake mahali pake, bila kujua maana ya aya nyingi. Jicho la mtoto aliyefundishwa hivyo halirukii maana; linaona kilichoandikwa. Msahihishaji aliyekomaa husoma neno analolitarajia, na kosa hupita. Mtoto husoma lililopo.

Ndiyo maana nilimpa binti yangu prufu akiwa na miaka saba. Tulichapa kitabu cha kilimo kilichojaa majina ya dawa za wadudu ambayo hata mimi sikuweza kuyatamka. Mimi nilishika muswada, yeye akashika prufu, akasoma silabi kwa silabi, na kila alipofika pasipolingana nilimwambia atie alama kwa penseli nyekundu. Alikamata makosa 31 katika kitabu ambacho watu wazima wawili walikuwa wamekipitisha. Nilimkumbusha habari hiyo palepale mezani. Akasema anakumbuka, na anakumbuka pia kwamba nilimlipa maandazi. Halafu akageukia dirishani, nami sikumsemesha kwa muda.

Chumba kinachofuata nitakieleza kwa ufupi, ingawa kina jambo linalotuhusu. Mkwe wa kwanza wa Plantin, Frans van Ravelingen, alikuwa mwanazuoni wa lugha za Mashariki. Baadaye alihamia Leiden, Uholanzi, akachongesha herufi za Kiarabu, akatoa kielelezo chake mwaka 1595. Kamusi yake ya Kiarabu na Kilatini ilitoka mwaka 1613, yeye akiwa ameshafariki. Kwa hiyo Kiarabu kilikuwa na kalibu yake Leiden zaidi ya miaka 200 kabla ya mashine ya chapa kufika Unguja. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alianzisha matbaa yake mwenyewe, na vitabu vyake vilikuwa vya Kiarabu. Kiswahili chetu, ambacho kwa karne kadhaa kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu katika tenzi za Pate na Lamu, kilipopata mashine kilikuta trei za misheni zimejaa herufi za Kilatini. Sababu za kugeuka kwa maandishi yetu ni nyingi, serikali na shule zikiwemo. Ila kama mpiga chapa naamini trei ilikuwa na kauli yake. Unapanga kwa herufi ulizonazo.

Ramani nayo. Abraham Ortelius, rafiki wa Plantin, ndiye aliyetunga atlasi iliyotoka kwanza mwaka 1570, na tangu 1579 ilichapwa katika matbaa hii. Niliinama juu ya karatasi ya Afrika, nikafuata pwani kwa kidole juu ya kioo: Malindi, Mombasa, Kilwa, tahajia za Kireno lakini ndizo. Ramani hizi hazikuchapwa kwa herufi zilizoinuka. Mistari yake ilichimbwa kwa ncha kali kwenye bamba la shaba, wino ukajazwa ndani ya mifereji, uso wa bamba ukafutwa ukawa safi, kisha bamba na karatasi yenye unyevu vikapitishwa kati ya rola kwa nguvu nyingi mpaka karatasi ikaingia mferejini kuufuata wino. Ni kinyume kabisa cha herufi za risasi, na kwa hiyo ukurasa wenye maneno na picha ya shaba ulipita mashine mbili tofauti. Kurasa za mwanzo za vitabu ambazo mchoraji Peter Paul Rubens aliwachorea wajukuu wa nyumba hii zilichapwa hivyo.

Njia ya tatu haimo sana katika nyumba ile, lakini ndiyo inayonilisha leo. Alois Senefelder, mtunzi wa michezo ya kuigiza wa Munich, aligundua mwishoni mwa karne ya 18 kwamba ukichora kwa mafuta juu ya jiwe laini la chokaa na kulilowesha maji, wino utashika penye mafuta na kukataa penye maji. Hakuna kilichoinuka, hakuna kilichochimbwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ira Rubel, Mmarekani, aliona kwamba picha ikipita kwanza kwenye mpira ndipo ikaenda kwenye karatasi hutoka safi zaidi. Hiyo ndiyo ofseti, na pleti yangu ya alumini hufanya kazi ya lile jiwe. Vijana wangu kiwandani hugombana kila siku na maji na wino: maji yakizidi rangi inapauka, yakipungua karatasi inachafuka. Ugomvi huo ulianza Munich.

Saa tisa alasiri tulirudi chini. Mtumishi mmoja alikuwa akiwaonyesha wageni uchapaji kwenye mashine ya mkono, na karatasi aliyokuwa anachapa ilikuwa na shairi ambalo Plantin mwenyewe alilitunga kuhusu raha za maisha ya duniani. Binti yangu alimwambia jambo kwa lugha yao. Yule bwana akanitazama mikono, akasogea pembeni, akanionyesha mkono wa mashine kwa heshima kubwa, kama mtu anayempisha mzee kiti.

Nilivuta. Mwili ulikumbuka: mguu wa kulia mbele, mgongo ndio uvute, usivute kwa bega. Kibao kilishuka, nikasikia ule mguno mdogo wa mbao ambao sikuusikia kwa miaka 25. Niliibandua karatasi kwa pembe mbili. Wino ulikuwa umelala sawa, mweusi, na nyuma ya karatasi vidole vilihisi kila herufi ilipokandamiza. Yule bwana aliikagua chini ya taa, akaitikia kwa kichwa. Nilitoka nayo imekunjwa ndani ya gazeti, bado mbichi.

Katika treni ya kurudi Brussels binti yangu aliniuliza herufi zetu za Tanga ziko wapi. Swali hilo nililiogopa tangu asubuhi. Ofseti ilipoingia, kiwanda nilichofundishwa kiliuza trei zote kwa kilo. Risasi ni risasi, mnunuzi wa vyuma chakavu hakuuliza imechongwa nini. Nyingine zilikwenda kwa wavuvi, zikayeyushwa kuwa chubwi za nyavu na mishipi. Nilikuwepo siku hiyo. Nilisaidia kupakia. Nilibakiza trei moja kwa sababu ilikuwa imepasuka na mnunuzi aliikataa, na baadhi ya herufi zake ziliokotwa na mkono wangu mwenyewe mwaka 1980.

Basi ninaomba. Kama uko Tanga, Unguja, Dodoma, Tabora, Peramiho, Mombasa au Bukavu, na katika stoo ya kiwanda, ya misheni au ya shule kuna trei za herufi, kitrei cha kupangia, bamba la picha au mashine ya mkono yenye kutu, usiviuze kwa kilo. Viandikie vilitoka wapi, vilichapa nini, nani alivishika. Kama yuko mzee aliyepanga herufi na bado ana sauti, mrekodi. Vipelekwe maktaba, chuo, au jumba la makumbusho la mkoa, na wasipovitaka leo, vifunikwe turubai vingoje.

Trei yangu ipo chumbani, chini ya ile karatasi ya Antwerp. Juzi wajukuu wawili walinisaidia kuihesabu. Ina herufi 640. *E* ni 83, na *a* zimebaki 22.